Siku sita nikimfuata Fazlur Khan

Jumapili, Urbana

Basi limenishusha saa nne asubuhi. Njia nzima ilikuwa mahindi yaliyokauka yakingoja mashine, kisha soya, kisha mahindi tena, ardhi imelala bapa kama zege lililopigwa rula. Mtu wa Muheza, ambaye tangu utoto jicho lake limezoea kupumzika kwenye milima ya Usambara, anafika hapa akatafuta pa kuliegemeza asipaone.

Nimekuja kumfuata mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, mhandisi wa majengo marefu. Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka tarehe 3 Aprili 1929, mtoto wa mwalimu wa hisabati. Alisomea uhandisi Calcutta, akamalizia Dhaka, na mwaka 1952 akaletwa hapa Chuo Kikuu cha Illinois kwa ufadhili wa Fulbright na wa serikali ya Pakistan, maana Dhaka wakati huo ilikuwa Pakistan Mashariki. Alikaa miaka 3. Ndani ya miaka hiyo akachukua shahada 2 za uzamili na moja ya uzamivu. Mimi niko mwaka wa nne wa uzamivu katika jimbo la jirani, nafanya utafiti wa zege, na ninajua miaka 3 ya namna hiyo inabeba mikesha mingapi.

Nilimsikia mara ya kwanza mwaka 2013. Tulikuwa wanafunzi Dar es Salaam lilipoanguka jengo la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Machi. Watu zaidi ya 30 walifia mle. Darasa la kwanza baada ya msiba, mwalimu wetu hakufungua kitabu. Alichora ubaoni mnara, akachora upepo kwa mishale, akatuuliza: mnajua nani alitufundisha jengo refu linasimama kwa nini? Akaandika jina. Sijalisahau.

Talbot Laboratory imefungwa, ni Jumapili. Ni jengo la matofali la miaka ya 1920, na humo, miaka nenda miaka rudi, boriti zimebanwa na kuvutwa mpaka zikapasuka ili watu wajue zinapasukaje. Tasnifu ya Khan ilikuwa juu ya boriti za mstatili za zege ambalo nyaya zake za chuma huvutwa kwanza, kabla ya kubebeshwa mzigo. Aliyewahi kufika saiti anaielewa bila hesabu. Saidia fundi hubeba matofali manane mstari mmoja kwa kuyabana kwa viganja viwili tu. Hakuna kinachoyashika kutoka chini, ila yanatembea naye mpaka juu ya jukwaa. Ule mbano ndio boriti. Akilegeza mikono, kwisha.

Nimezunguka jengo mara mbili. Mwaka uleule aliofika Khan, chuo hiki kilikuwa kimewasha kompyuta yake ya kwanza, ILLIAC. Namwona kijana wa miaka 23 kutoka nchi ya mito anafika katikati ya mahindi, wakati ambapo hesabu zilianza kutoka kwenye vidole na kuingia kwenye mashine.

Mfukoni nina barua. Ilinifikia Agosti, kutoka taasisi moja nyumbani: nafasi ya kazi, mshahara mzuri, ofisi yenye kiyoyozi. Kazi yenyewe ni kupitia mafaili, kuhudhuria vikao, kusaini. Nimeomba muda hadi mwisho wa Oktoba. Ndiyo maana safari hii imekuwa sasa.

Jumatatu, kuelekea Chicago

Treni ya asubuhi kutoka Champaign, mji ulioungana na Urbana, mwendo wa kama saa tatu. Nimelala nusu ya njia.

Ukitoka stesheni ya Union ukashika Mtaa wa Jackson, unavuka daraja la mto, na hapo hapo mnara uko mbele yako, mweusi, hauna haja ya kutafutwa. Wenyewe wa zamani bado wanauita Sears Tower. Jina la Willis lilikuja mwaka 2009. Ghorofa 110, mita 442. Tangu 1973 hadi 1998 dunia haikuwa na jengo refu kuliko hili.

Nimesimama pembe ya Jackson na Franklin, ambapo kuna kibao cha mtaa chenye jina lake: Fazlur R. Khan Way. Kilitundikwa 1998. Watu wanapita na kahawa zao bila kuinua macho. Mimi nilisimama mpaka shingo ikauma.

Niseme hapa jambo lenyewe, maana bila hili safari yote haina maana. Kabla ya Khan, jengo refu lilijengwa kama kabati: nguzo na boriti zimejaa ndani kote, ghorofa juu ya ghorofa. Kabati linabeba uzito vizuri. Adui wa jengo refu hata hivyo si uzito, ni upepo, na kadiri unavyopanda ndivyo upepo unavyotaka chuma zaidi, si cha kubeba watu bali cha kuzuia kuyumba tu. Khan alikiona kile chuma cha ziada kama faini inayolipiwa urefu, akajiuliza inawezekana vipi isilipwe. Jibu lake ni mwanzi. Mwanzi ndani ni mtupu. Nguvu zake zote ziko kwenye ganda, na upepo unaoangusha mwembe unaupinda mwanzi kisha unauacha. Akazitoa nguzo ndani, akazipeleka ukutani, akazisogeza karibu karibu mpaka kuta nne zikawa mrija mmoja.

Mrija ukiwa mpana sana, lakini, nguzo za katikati ya ukuta huzembea. Za pembeni zinavutwa na kubanwa sawasawa, za katikati zinakaa tu. Ndipo ukaja mnara huu: mirija 9 ya mraba, kila mmoja upana wa mita 23, imefungwa pamoja mitatu kwa mitatu. Kuta za ndani zinazogawana mirija zinazivuta zile nguzo zembe zifanye kazi. Kisha, kwa kuwa kila mrija unaweza kusimama, si lazima yote ifike juu. Miwili imeishia ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, miwili iliyobaki ikaendelea peke yake. Yale mabega yanayoonekana kwa mbali ni hesabu, na ni mazuri.

Nimepanda ghorofa ya 103. Kuna visanduku vya kioo vinavyotokeza nje ya jengo, unasimama juu ya hewa. Watoto walikuwa wakicheka na kulala kifudifudi. Mimi nilibaki nyuma nikitazama nguzo, nikaigusa moja kwa kiganja.

Jumanne, Hancock

Upepo leo. Umeanza usiku, ukapiga dirisha la hosteli mpaka alfajiri, nami nikafurahi, kwa sababu nilitaka kwenda Hancock siku ya upepo.

John Hancock Center, siku hizi wanaliita kwa namba ya mtaa tu, 875 North Michigan, lina ghorofa 100 na mita 344. Linapungua upana kadiri linavyopanda, na usoni limefungwa X kubwa, kila X inashika ghorofa 18. Msanifu majengo alikuwa Bruce Graham, mhandisi Khan, wote wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill. Hawakuzificha zile X. Mihimili ya mshazari inafanya kuta zote nne zishirikiane kupinga upepo, na pia inagawa mzigo wima kutoka nguzo hadi nguzo, kwa hiyo hakuna nguzo inayoelemewa peke yake.

Faida yake ni hii, na kwangu ni kama shairi: jengo hili lilitumia kilo 145 hivi za chuma kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Empire State la New York, la 1931, lililokaribia urefu huohuo wa ghorofa, lilikula zaidi ya kilo 200. Mtu mmoja na karatasi zake wameondoa robo ya chuma na zaidi, jengo likabaki imara.

Nilienda kwanza chini, kwenye kiungo ambapo mihimili miwili ya mshazari inakutana na nguzo karibu na usawa wa barabara. Kimevikwa alumini nyeusi, kipana kuliko mlango wa gereji. Nimekaa kwenye ukingo wa saruji nikakitazama kwa muda mrefu, kama wengine wanavyotazama bahari. Nilikuwa nafuata nguvu inavyoshuka: kutoka kule juu upepo unaposukuma, inapita kwenye mshazari, inageuka hapa, inaingia kwenye nguzo, inazama ardhini.

Na ardhini kuna kisa. Ujenzi ulipokuwa umeanza kupanda, miaka ya 1960, ilionekana nguzo moja imeshuka kuliko ilivyotarajiwa. Kidogo tu, mpita njia asingeona. Kazi ikasimamishwa. Misingi ikachunguzwa mmoja mmoja, ikakutwa na kasoro: ndani ya zege palikuwa na uwazi pasipopaswa kuwa na uwazi. Wakarekebisha, ndipo wakaendelea. Ilikula miezi na fedha. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nafikiria Mtaa wa Indira Gandhi. Mtu alipima, akaona, akasema, na wakubwa wakakubali kusimama.

Mchana nikapanda ghorofa ya 94. Nilikuwa na chupa ya maji, nikaiweka juu ya ukingo wa dirisha, lebo ikinielekea. Nikasubiri. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu uso wa maji ukaanza kugusa mstari wa juu wa lebo upande wa kushoto, ukauacha, ukaugusa wa kulia, taratibu sana, kama mtu anayepumua usingizini. Waliokuwa wakipiga picha pembeni yangu hawakuwa na habari.

Hawakuwa na habari kwa sababu Khan alifanya utafiti wake hasa juu ya hilo. Jengo linaweza kuwa salama kabisa na bado watu wasiweze kuishi ndani: taa zinaning'inia zikitikisika, tumbo linachafuka kama mtu yuko kwenye jahazi. Vitabu vya wakati ule havikuwa na jibu la swali rahisi, binadamu anaanza kuhisi kuyumba wakati gani? Katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda, kusini mwa jiji hili, kulikuwa na jukwaa la maonyesho lenye mota. Khan aliweka watu juu yake, akawauliza wanahisi nini na wameanza lini. Hesabu za chuma cha ghorofa 100 zikapata kipimo kutoka kwenye matumbo ya watu wa kawaida.

Juu ya ghorofa ya 44, ambako kuna bwawa la kuogelea, watu wanaishi humu. Wanapika, wanalaza watoto.

Jumatano

DeWitt-Chestnut iko karibu na Hancock, hatua chache tu. Ghorofa 43, zege, miaka ya katikati ya 1960, lilijengwa kwa nyumba za kupanga. Ukiiona hutaiona, kama ninavyosema: ni jengo la kawaida lenye madirisha mengi. Lakini hapa ndipo mrija ulipozaliwa. Nguzo zake zimesogeleana ukutani, na mnara wa Jumatatu pamoja na minara mingi ya dunia leo ni wajukuu wa ukuta huu. Mzee mmoja mpangaji alitoka na mbwa akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia natazama nguzo. Akazitazama naye.

Nilikaa kwenye mkahawa nikaitoa ile barua, kwa sababu kuna sehemu ya maisha ya Khan ambayo wasimulizi wengi huipita mbio nami siwezi kuipita.

Mwaka 1957 alirudi nyumbani. Alikuwa na shahada zote, na miaka 2 ya kazi Chicago, akarudi Pakistan. Alipata cheo kikubwa, mhandisi mtendaji katika mamlaka ya maendeleo ya Karachi. Kilichomshinda ni kazi ya utawala, iliyomweka mbali na usanifu. Mwaka 1960 akarudi Chicago kwenye kampuni ileile, na miaka michache baadaye likaja jengo hili ninalolitazama. Mwaka 1967 akachukua uraia wa Marekani.

Nyumbani tuna maneno makali kwa mtu wa namna hiyo. Ameikimbia nchi, amekula elimu akaondoka. Mimi siamini hivyo, na sijasema hivi ili nijitetee. Mwaka 1971, vita ya ukombozi wa Bangladesh ilipowaka na Dhaka ikaungua, ni yeye aliyewakusanya Wabengali wa Chicago, akaanzisha shirika la kuchangisha misaada, akawaandikia na kuwabembeleza wanasiasa. Alikuwa mwenye shughuli nyingi kuliko mhandisi yeyote wa mji huu, na mnara wa Sears ulikuwa mkononi mwake. Moyo haukuwa umehama. Kilichohama ni kazi, na kazi ilihama kwa sababu nyumbani walimpa meza walipotakiwa kumpa karatasi ya kuchorea.

Alhamisi

Mvua kutwa. Asubuhi nilifika Illinois Institute of Technology, alikokuwa akifundisha wanafunzi wa usanifu huku akiendelea na kazi ofisini. Wazo la zile X za Hancock lilipikwa kwanza katika tasnifu ya mwanafunzi wa hapa, Mikio Sasaki, kijana kutoka Japani, naye mgeni. Napenda jambo hilo lijulikane.

Jioni nimekula Devon Avenue, mtaa wa Wahindi, Wapakistani na Wabengali. Biriani yao ina njia yake, si ya kwetu, lakini harufu ya iliki ilinitoa machozi kidogo. Mwenye duka la sari alikuwa amewasha wimbo wa Kibengali. Khan alipenda sana nyimbo za Tagore, mshairi wa Kibengali, akiziimba mwenyewe. Kwenye basi la kurudi nikasikia nyuma yangu, "Mama yule alisema tushuke wapi?" Ni familia ya Wakongo, watoto watatu wenye makoti makubwa kuliko wao. Tukasalimiana mpaka nikapitiliza kituo.

Nimeandika barua pepe usiku huu. Nimewaambia wale wa nyumbani kwamba nitakuja, ila naomba mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: chumba chenye mashine ya kubana zege, na ruhusa ya kwenda saiti kupima mwenyewe. Ikiwa havipo, nitaomba wanisubiri nivipate kwingine kwanza. Nimeituma kabla sijairudia kuisoma.

Ijumaa, Graceland

Makaburi ya Graceland yako kaskazini ya jiji, miti mikubwa, majani yameanguka yakawa zulia. Wasanifu na wajenzi wa Chicago wamelala hapa: Louis Sullivan, Mies van der Rohe, Daniel Burnham kwenye kisiwa chake kidogo katikati ya bwawa. Bruce Graham naye aliletwa hapa mwaka 2010. Rafiki na rafiki, uwanja mmoja.

Khan naye amezikwa hapa, ila hakufia Chicago. Alifia Jidda, kwa ugonjwa wa moyo, tarehe 27 Machi 1982, wiki moja kabla hajatimiza miaka 53. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imekamilika kazi yake ambayo si mnara. Ni Kituo cha Mahujaji katika uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz: hema 210 nyeupe za kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa teflon, kila moja mraba wa mita 45, zimefunika kama hekta 42 za jangwa. Zimening'inizwa kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma. Kitambaa kinarudisha jua, hewa ya moto inapanda kwenye tundu la juu la kila hema na kutoka, pembeni ni wazi upepo uingie. Hakuna kiyoyozi. Mtu aliyepima chuma cha ghorofa 100 alikwenda kupima kivuli.

Mama amekaa chini ya kivuli hicho. Alihiji mwaka 2016.

Nimeliona kaburi, nimefagia majani kwa mkono. Halafu nikapiga simu Muheza. Huku saa tano asubuhi, kule saa moja usiku, najua ametoka kuswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unasikika upepo?"

"Niko makaburini. Mama, unakumbuka Jidda, uliposhuka kwenye ndege, pale penye mahema?"

"Nisipakumbuke! Tulikaa saa nyingi tukingoja basi. Bibi mmoja wa Pangani alikuwa mgonjwa, tukatandika kanga akalala. Nje jua linachoma, sisi tuko kama chini ya mwembe. Nikawa natazama juu tu, kweupe, kunapita mwanga kidogo kama wa asubuhi. Nikasema Mungu amewahurumia wageni wake."

"Aliyeyajenga nimesimama kwenye kaburi lake."

Akanyamaza. Nikamsikia akivuta kiti.

"Muislamu?"

"Ndiyo mama. Mbengali. Anaitwa Fazlur Rahman."

"Fadhlu Rahman," alilitamka kwa kinywa cha chuoni, polepole. "Huyo ni Fadhili, mwanangu. Watoto wake wapo?"

"Ana binti. Naye mhandisi."

"Alhamdulillahi. Haya, iweke simu chini karibu naye."

Nikachuchumaa, nikaiweka juu ya majani, sauti nikaifungua mpaka mwisho, naye akaanza kusoma Fatiha.